Nani Atafungua Saa ya Babu?

Jamaa yangu mmoja karithi saa ya mkono ya marehemu babu yake, baharia wa zamani. Ni Rolex ya chuma, ya miaka ya sitini. Saa imesimama, na ukoo umeshagawanyika pande tatu. Shangazi anataka ipelekwe kwa fundi wa mtaani ambaye familia imemzoea. Baba mdogo anataka ipelekwe Ulaya kwa wenyewe walioitengeneza. Na binamu mmoja (huyu hakosekani katika mirathi yoyote) anasema iuzwe, hela igawanywe, maisha yaendelee. Jamaa akanifuata mimi, eti kwa kuwa waandishi wa habari tunajua kila kitu. Hatujui kila kitu, ila kuuliza tunajua. Basi nimeuliza, nimesoma, na nilichokikuta ni historia tamu kuliko hata saa yenyewe. Kaeni mkao wa kusoma, ya leo ni ndefu kidogo.

Tuanze na tatizo lenyewe. Gari likiharibika unasimama pembeni ya fundi, unaona anachofungua, unamuuliza hiki kinakwenda wapi. Saa haiko hivyo. Mashine yake ina vipande zaidi ya mia moja, vingine ni vidogo kuliko punje ya mchele, vimefunikwa kwa chuma, na wewe mwenye mali hujawahi kuviona hata siku moja. Fundi anakwambia "njoo Alhamisi". Ukirudi Alhamisi ukakuta uso ni uleule na akrabu zinatembea, utajuaje kwamba kilichomo ndani ni kilekile alichokuachia babu? (Akrabu, kwa wale mliozoea kusema mishale, ni jina la zile fimbo zinazoonyesha saa na dakika. Neno limetoka kwenye Kiarabu, maana yake nge.)

Hofu hiyo haikuanzia Kariakoo wala River Road. Mafundi saa wa Geneva walijiundia chama chenye masharti tangu mwaka 1601. Mwaka 1631 Mfalme Charles I wa Uingereza akatoa hati ya kuanzisha chama cha watengeneza saa wa London, Clockmakers' Company, na ndani ya hati hiyo chama kikapewa mamlaka ya kupekua karakana na kukamata kazi mbovu. Maana yake, karibu miaka 400 iliyopita mteja wa London alikuwa na wasiwasi uleule wa shangazi na baba mdogo. Hakuwa na macho ya kuona ndani ya saa, akahitaji mtu mwingine amwonee.

Baadaye Geneva wakaenda mbele zaidi. Kwa sheria ya Novemba 1886 wakaanzisha muhuri wao, Poinçon de Genève, unaogongwa kwenye mashine ya saa iliyopita ukaguzi. Angalieni ulipowekwa: kwa kawaida mvaaji hauoni. Anayeuona ni fundi atakayefungua saa hiyo miaka 20 au 50 baadaye. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa jambo ambalo sikulitarajia. Kwa sehemu kubwa ya historia yake, uaminifu wa fundi saa haukukaa usoni mwake wala kwenye ulimi wake. Ulikaa kwenye maandishi, na maandishi yenyewe fundi alimwandikia fundi mwenzake.

Uingereza na Marekani, katika karne ya 18, saa za mfukoni nyingi zilikuwa na maganda mawili, moja ndani ya jingine. Fundi akimaliza kazi alikata karatasi ya duara yenye jina la duka lake, akaandika kwa mkono tarehe na wakati mwingine jina la mwenye saa, akaiweka katikati ya maganda hayo. Aliyefuata aliongeza yake. Zipo saa zilizokutwa na karatasi kadhaa zimepangana humo ndani kama kadi ya kliniki ya mtoto. Maganda mawili yalipopitwa na wakati, mafundi wakahamia kuchora kwa ncha ya sindano upande wa ndani wa mfuniko wa nyuma: herufi mbili tatu, tarehe, namba ya kazi. Vidogo mno, bila lenzi huvioni. Desturi hiyo haijafa. Kwa hiyo saa ya babu yenu, ikifunguliwa na mtu anayejua kusoma, huenda ikasema yenyewe imefunguliwa mara ngapi na lini.

Sasa niwape kisa ambacho peke yake kingetosha kuwa makala. Abraham-Louis Breguet alizaliwa Neuchâtel mwaka 1747 na kufungua karakana yake Paris mwaka 1775. Alikuwa bora kiasi kwamba saa feki zenye jina lake zilizagaa. Akajibu kwa namna mbili. Ya kwanza, kuanzia kama mwaka 1795, alichonga sahihi ya siri kwenye uso wa saa, nyembamba sana, inayoonekana tu ukiilaza saa kwenye mwanga. Ya pili, saa zake zilipewa namba na kuandikwa vitabuni. Vitabu hivyo vya mauzo vimehifadhiwa hadi leo.

Mwaka 1783 afisa mmoja wa walinzi wa Malkia Marie Antoinette alimwagiza saa ya kuzidi saa zote, yenye kila ufundi uliojulikana wakati ule, na dhahabu itumike badala ya chuma kila inapowezekana. Bei haikuwekewa kikomo, wala tarehe ya mwisho. Malkia akakatwa kichwa mwaka 1793. Breguet naye akafa mwaka 1823. Saa, namba 160, ikakamilika mwaka 1827. Jamani, sisi tunalalamikia "njoo Alhamisi".

Mwaka 1917 saa hiyo ilinunuliwa na Mwingereza Sir David Lionel Salomons, mpenzi mkubwa wa kazi za Breguet. Alipofariki mwaka 1925 ikamwendea binti yake, Vera Salomons. Bibi huyo ndiye aliyeanzisha jumba la makumbusho ya sanaa ya Kiislamu mjini Jerusalem, kwa heshima ya mwalimu wake L. A. Mayer, na saa za baba yake zikawekwa humo. Mwaka 1980 fundi mashuhuri wa Uingereza, George Daniels, akishirikiana na Ohannes Markarian, alitoa kitabu kilichoorodhesha mkusanyiko huo. Miaka mitatu tu baadaye, usiku wa Aprili 15, 1983, mwizi Naaman Diller akaingia na kubeba vitu 106, namba 160 ikiwemo. Polisi wakahangaika miaka na miaka bila kupata kitu.

Diller akafa mwaka 2004, na kabla ya kufa akamweleza mkewe. Mama huyo sasa ndiye "mrithi" wa saa za kifahari zisizo zake. Mwaka 2006, kupitia mwanasheria wa Tel Aviv, zikaanza kutafutiwa njia ya kurudi. Aliyeitwa kuzitazama kwanza hakuwa polisi wala profesa. Alikuwa fundi saa wa mjini humo humo. Akaoneshwa mzigo, akatambua alichokiona, na habari zikafika makumbusho. Makumbusho wakalipa kama dola 35,000 na kurudishiwa vitu 39, namba 160 ikiwa miongoni mwao. Vingi vya vilivyobaki vilipatikana miaka iliyofuata, vikiwemo vilivyokuwa kwenye makasha ya benki nchini Ufaransa.

Kisa hiki nimekirudia kichwani mara nyingi. Saa ileile imerithiwa mara mbili, mara ya kwanza kihalali na mara ya pili kihalifu. Diller alikaa nayo miaka 21 hadi kifo chake bila kuiuza, kwa sababu saa yenye namba, picha na kitabu haina mahali pa kujificha. Na fundi alipokutana nayo, hakuhitaji mtu wa kumwambia ni nini. Ndiyo maana nasema shangazi na baba mdogo wote wanabishana pembeni ya jambo. Kabla ya kuuliza "nani mwaminifu?", ukoo ungeuliza "saa yetu imeandikwa wapi?"

Haya, turudi kwa saa za watu wa kawaida. Katika miaka ya 1850, kiwanda kilichokuja kujulikana kwa jina la mji wa Waltham, Massachusetts, kilianza kutengeneza saa kwa mashine, kila kipande kikifanana na mwenzake. Ufundi ukabadilika. Fundi wa zamani alilazimika kuchonga gurudumu jipya kwa mkono wake. Fundi wa baadaye aliweza kuagiza spea kwa namba. Huo ndio ulimwengu uliozaa fundi saa wa mtaani tunayemjua, yule wa kiboksi cha kioo, lenzi jichoni, na vibisibisi vilivyopangwa kama sindano za hospitali. Hans Wilsdorf alipoanza biashara yake London mwaka 1905, akabuni jina Rolex mwaka 1908, kisha akatoa saa ya Oyster isiyoingiza maji mwaka 1926, dunia ilikuwa na mafundi wa kutosha wa kuzihudumia. Babu akinunua saa bandarini wakati wa ujana wake, alinunua kitu ambacho kila mji mkubwa ulikuwa na mtu wa kukifungua.

Halafu ikaja Desemba 25, 1969. Siku hiyo kampuni ya Seiko ya Japani ilianza kuuza Astron, saa ya kwanza ya mkono ya kwatsi kuingia sokoni: betri, jiwe dogo linalotetemeka kwa umeme, na usahihi ambao springi haiwezi kuugusa. Bei yake ilikuwa yen 450,000, karibu sawa na gari dogo. Lakini bei ikashuka, tena haraka. Uswisi, iliyokuwa na wafanyakazi kama 90,000 kwenye sekta ya saa mwaka 1970, ikabaki na zaidi kidogo ya 30,000 katikati ya miaka ya 1980. Kwa kifupi, kizazi kizima cha ufundi kilikatika. Kijana gani angejifunza miaka mingi kusafisha mashine ya saa wakati saa nzima mpya inauzwa bei ya chakula cha mchana? Mtaani kwetu kazi ya fundi saa ikawa kubadilisha betri na kukata mkanda.

Kwa Tanzania kulikuwa na pigo la pili juu ya hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi haikuwa na fedha za kigeni za kutosha hata kwa dawa na vipuri vya magari, seuze vya saa. Fundi afanyeje? Anachukua kutoka saa iliyokufa anaokoa iliyo hai. Kopo la mashine kuukuu chini ya meza ndilo lililokuwa stoo. Kwa hiyo mkifungua saa ya mzee mkakuta kipande si chake, msikimbilie kusema aliibiwa. Inawezekana kabisa aliokolewa. Mimi binafsi nawaheshimu mafundi wale, maana waliendesha hospitali bila dawa.

Ajabu ni kwamba saa ya springi haikufa. Ilipanda ngazi ikawa pambo la wenye nazo, na hapo mambo yakageuka tena. Makampuni yakaanza kubana spea, zikawa zinakwenda kwa mafundi yaliyowaidhinisha. Mafundi huru wa Ulaya, kupitia chama chao CEAHR, wakapeleka malalamiko kwenye Tume ya Ulaya mwaka 2004. Tume ikayatupa mwaka 2008. Mahakama ikaubatilisha uamuzi huo Desemba 2010. Tume ikachunguza, ikayatupa tena mwaka 2014, na Oktoba 2017 mahakama ikakubaliana nayo. Katikati ya mvutano huo, Swatch Group ikaacha kuwauzia spea wauzaji wa jumla mwishoni mwa mwaka 2015. Makampuni yanasema ni kwa ajili ya ubora na kuzuia feki, na hoja hiyo si ya kubeza. Lakini matokeo yake ni kwamba fundi wa mtaani anaweza kuwa na mikono ya dhahabu na roho ya malaika, halafu akakosa kipande orijino cha kuweka. Hapo ndipo feki inapopenya, hata kwa mtu asiye mwizi.

Basi baba mdogo kashinda? La. Kiwanda nacho kina tabia zake. Kwa miaka mingi mtazamo wa vituo rasmi ulikuwa kurudisha saa ikiwa kama mpya: uso uliofubaa unatolewa, akrabu zinabadilishwa, chuma kinapigwa polishi hadi kinang'aa. Kwa mvaaji ni huduma nzuri. Kwa kumbukumbu ni msiba. Mfano wa karibu na watu wetu: miaka ya 1970 Sultani Qaboos wa Oman aliagiza kupitia duka la Asprey la London saa za Rolex zenye alama ya khanjari usoni, akazigawa zawadi. Familia nyingi za Waomani waliorudi kutoka Zanzibar zimeanza maisha mapya Muscat katika miaka hiyohiyo. Saa ya namna ile ikibadilishwa uso tu, imebaki saa ya kawaida. Khanjari ndiyo iliyokuwa habari yote.

Na huyu binamu wa "tuuze" naye asikie. Mfalme wa mwisho wa Vietnam, Bao Dai, alinunua Rolex ya dhahabu Geneva mwaka 1954. Warithi wake waliipeleka mnadani mwaka 2002, ikauzwa kama dola 235,000. Mei 2017 iliuzwa tena kwa zaidi ya faranga milioni 5 za Uswisi. Oktoba mwaka huohuo, mjini New York, Daytona ya mwigizaji Paul Newman ikauzwa dola 17,752,500. Newman alikuwa amempa James Cox, mpenzi wa binti yake, mwaka 1984. Nyuma ina maneno machache yaliyochongwa, salamu ya mke akimsihi mumewe aendeshe gari kwa uangalifu. Hebu vuta picha ya fundi mwenye bidii akiyafuta maneno hayo kwa polishi ili saa "ipendeze".

Jamaa yangu asitarajie mamilioni, saa ya babu si ya Newman. Lakini sheria ni ileile: kilichochakaa kwa mkono wa babu kibaki, kilichokauka ndani kishughulikiwe. Mafuta ya zamani hukauka na chuma kikaanza kula chuma, hivyo kuitikisa-tikisa ili itembee "kidogo tu" ni kuiumiza.

Nikamwambia afanye hivi. Kwanza apige picha saa yote, pande zote, na namba zake. Akifika kwa fundi yeyote, wa mtaani au wa duka la kioo, atazame jinsi anavyofungua mfuniko. Mfuniko wa Oyster una meno pembeni na unahitaji ufunguo wake maalumu. Anayenyoosha mkono kuchukua koleo, saa irudi mfukoni papo hapo. Ukifunguka, aombe kupiga picha mashine na michoro ya ndani ya mfuniko kabla kitu hakijaguswa. Aulize kama fundi ana kifaa cha kusikiliza mapigo ya saa na kuonyesha inakimbia au kuchelewa sekunde ngapi kwa siku. Kazi iandikwe kwenye karatasi: nini kinasafishwa, nini kinabadilishwa, bila polishi, bila kugusa uso, na kila kipande kitakachotolewa kirudishwe kwenye bahasha. Fundi wa kweli hakasiriki kwa masharti hayo. Mafundi wenzake wameishi nayo karne nyingi.

Uso nao una sababu nyingine ya kuachwa. Saa nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya sitini zilipakwa rangi ya kung'aa gizani yenye radiamu. Wasichana walioipaka katika viwanda vya Marekani, New Jersey na Illinois, waliambiwa wanoe brashi kwa midomo, na wengi waliugua na kufa. Kesi yao maarufu ilimalizwa kwa maelewano mwaka 1928. Radiamu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 1,600 hivi, kwa hiyo rangi iliyoacha kung'aa bado ina sumu yake. Ikiwa imefunikwa na kioo, haina neno kubwa. Ikikwanguliwa mezani na vumbi likavutwa puani, hilo ni jambo jingine, na fundi asiyelijua anajiumiza mwenyewe kwanza.

Na kama ukoo utaamua iende nje, apite forodha kabla ya safari, saa iandikwe na namba yake kwamba inatoka kwa matengenezo. Bila karatasi hiyo, siku inarudi inang'aa kwenye kiboksi kipya, afisa wa uwanja wa ndege ataona saa mpya ya kulipiwa ushuru, na hadithi ya babu baharia haitamsaidia kitu.